Jirani akigonga geti usiku: mwongozo kamili kwa mmisionari anayeishi Dar

Nawaandikia nyie mliokuja Dar kwa kazi ya Mungu, iwe mmetoka Kenya, Congo, Korea, Ujerumani au Marekani, na mmepanga nyumba uswahilini kabisa, Mbagala, Manzese, Tandale, Gongo la Mboto. Mimi ni mwenyeji, nipo kwenye kamati ya diakonia, yaani ya kusaidia wenye shida, ya usharika wetu huku Temeke na kwa miaka mingi nimekuwa napokea wamisionari na kuwazungusha mtaani mpaka wazoee. Wengi wanafika wametoka kusoma Kiswahili Morogoro au Makoko kule Musoma, wamejiandaa kuhubiri na kufundisha, halafu hata mabegi hawajamaliza kufungua jirani anakuja kubisha hodi na mtoto anachemka homa. Mtaa ukishaona mgeni ana gari na friji unajua huyu ana dawa ndani, hata kama alichosomea ni theolojia tu.

Niseme mapema ninachoamini ili ujue nakupeleka wapi. Mgonjwa wa Dar anahitaji mtu wa kumsindikiza kuliko anavyohitaji dawa zako, na mara nyingi kuliko hata hela zako. Hospitali zipo, dawa nyingi zipo, misamaha ya matibabu ipo kwenye sera, ila mtu maskini mwenye homa anafika dirishani anaambiwa "nenda pale, kalete hiki" anakata tamaa anarudi nyumbani. Ukiweza kuwa mtu wa kusimama nae mpaka mwisho umeshafanya kazi kubwa sana, na hiyo haihitaji udaktari.

Hatua ya kwanza: fahamika kabla hajaugua mtu

Wiki ya kwanza nenda ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji, nenda na mzee wa kanisa au mama mmoja anayeheshimika pale, usiende peke yako. Hao ndo watakaoandika barua ya utambulisho ya jirani yako siku akihitaji msamaha wa matibabu, na barua bila muhuri wa mtaa haina kazi. Muulize pia mjumbe wako ni nani, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa huo ni nani. Huyo mhudumu ni mtu wa muhimu sana kwako, anajua nani ana mimba, nani yuko kwenye dawa za kifua kikuu, nani mtoto wake hajapata chanjo, na anaingia nyumba ambazo wewe hata ukae miaka mitano hutaingia.

Halafu tembelea zahanati ya karibu ukiwa mzima. Angalia wanafungua saa ngapi, usiku kuna mtu au hakuna, maabara inafanya kazi mpaka saa ngapi. Fanya hivyo hivyo kwa kituo cha afya na hospitali ya rufaa ya mkoa ya upande wako, yaani Amana kwa watu wa Ilala, Temeke kwa sisi wa Temeke, Mwananyamala kwa Kinondoni. Chukua namba za simu za bodaboda mmoja na bajaji mbili za watu unaowaamini, bajaji mbili kwasababu moja saa nane usiku itakuwa imezimwa simu, na jua kabisa gari linaishia wapi kwenye mtaa wenu maana vichochoro vya Manzese na Tandale vingine hata bajaji haipiti, mgonjwa anabebwa kwenye kiti mpaka barabarani.

Kama wewe ni nesi au daktari huko ulikotoka, hapa bado hujaruhusiwa kutibu. Kibali chako cha ukaazi daraja C kinakuruhusu kukaa kama mmisionari, ila kutibu watu ni mpaka usajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga. Na lile begi la dawa ambalo washirika wa kule nyumbani wanataka kukutumia, waambie hapana kwa upendo, dawa kuingia nchini zinasimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na zinahitaji kibali, waambie hizo hela walizotaka kununulia dawa watume zisaidie nauli na vipimo.

Ndani kwako weka kaboksi kadogo: glavu, gozi na bandeji, sabuni, kipimajoto, tochi, mashine ya presha kama unajua kuitumia, na pakiti za ORS (ile dawa ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha) za kutosha. Antibayotiki usiweke kabisa. Ukigawa amoksilini mara moja tu kesho yake kuna foleni getini.

Hatua ya pili: mtu akigonga geti

Salimia kwanza. Najua mtoto anachemka lakini "poleni jamani, karibuni, nini tatizo" inachukua sekunde chache na inamtuliza mama. Kama ni mzee mpe shikamoo yake. Kama wewe ni mwanaume na aliyekuja ni mwanamke peke yake, mwite mkeo au jirani mama mwingine akae hapo, na ukienda kwao usiingie chumbani kwa mgonjwa wa kike bila mwenyeji, hii inakulinda wewe na inamlinda yeye, na mitaa yetu mingi ni ya Waislamu na watu wanaangalia adabu yako kabla hawajasikia neno lako lolote.

Baada ya hapo uliza maneno machache tu: imeanza lini, ameshakunywa dawa gani, anakunywa maji, anakojoa? Omba daftari au kadi ya kliniki. Huku zahanati nyingi watu wanaandikiwa kwenye daftari la shule, hilo daftari ndo faili lao, soma ukurasa wa mwisho utajua zaidi ya utakavyoelezwa.

Kuna dalili ukiziona hakuna cha kusubiri asubuhi. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea hatambui mtu, aliyepata degedege, au anapumua kwa shida mpaka mbavu zinabonyea ndani. Mjamzito anayevuja damu, au kichwa kinamuuma sana na macho yanaona ukungu na uso umevimba, hiyo inaweza kuwa ndo kifafa cha mimba kinakuja, au anayesema mtoto ameacha kucheza tumboni. Mtu mzima aliyepinda mdomo ghafla, mkono umelegea upande mmoja, maneno hayatoki vizuri, watu watakwambia amepigwa na upepo mbaya na watataka kumkanda mafuta, hicho ni kiharusi na kila saa inayopita ubongo unaumia, usimpe chakula wala maji maana anaweza kupaliwa.

Degedege niongee kidogo kwasababu ndo kunapoleta ugomvi. Wazee wengi wanaamini dege ni shetani anampitia mtoto, na kwamba akichomwa sindano kabla hajatibiwa kienyeji atakufa. Usibishane na bibi pale mlangoni. Mlaze mtoto kwa ubavu, toa vitu vya kumuumiza karibu yake, usimwekee kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa, na wakati huo bajaji inaitwa. Mwambie bibi "sawa bibi, twende wote, wewe umshike njiani". Mara nyingi anakubali, kwasababu shida yake kubwa ilikuwa kuachwa nyuma. Mtoto mwenye homa na degedege anaweza kuwa na malaria kali na hiyo inatibiwa kwa sindano ya artesunate hospitalini, hakuna cha nyumbani kinachotosha.

Kwa mjamzito, aliyetoka kujifungua na mtoto mchanga kuna namba 115 ya m-mama, ni bure kupiga na wanatuma usafiri wa dharura. Iandike ukutani.

Homa ya kawaida isiyo na hizo dalili nenda nae zahanati asubuhi apimwe. Kipimo cha haraka cha malaria ni tone la damu kidoleni, majibu ndani ya nusu saa. Watu wengi wananunua dawa mseto dukani bila kupima, wanakunywa siku moja wakipata nafuu zile zingine wanamtunzia mtoto wa pili, na wewe hapo unaweza kusaidia kwa kupita jioni kuuliza "dawa imebaki ngapi?" maana ni siku tatu na lazima zimalizike.

Kuharisha: ORS pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, kidogo kidogo kwa kijiko, na mtoto aendelee kunyonya. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari vya kusawazisha na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Zahanati watampa na zinki. Kama ni choo kama maji ya mchele na mtu anaishiwa nguvu kwa masaa machache, hasa kipindi cha mvua, peleka mara moja na mtoe taarifa, hicho kinaweza kuwa kipindupindu.

Kuungua, hasa watoto wanaovuta sufuria ya uji kwenye jiko la mkaa: maji ya bomba ya kawaida kwa dakika 20, halafu funika na kitambaa kisafi. Watakuja na dawa ya meno, asali, ute wa yai, wazuie kwa upole. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe. Aliyeng'atwa na mbwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende akapate chanjo siku hiyo hiyo, kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakuna tiba.

Hatua ya tatu: jua pa kwenda

Kama sio dharura anza chini. Zahanati au kituo cha afya, wao wakishindwa wanaandika rufaa kwenda juu. Ukiruka ngazi ukaenda moja kwa moja Muhimbili kwa kikohozi, utalipa zaidi na utakaa siku nzima. Dharura ya kweli haidai rufaa, peleka ilipo karibu.

Wageni wengi wanachanganywa na Muhimbili. Pale Upanga eneo moja lina Hospitali ya Taifa, lina MOI ya mifupa na ubongo, lina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kila moja na mapokezi yake. Halafu kuna Mloganzila ambayo nayo ni ya Muhimbili lakini iko kule njia ya Kibaha, kwa hiyo soma barua ya rufaa vizuri kabla hujapanda gari, nimeona familia imefika Upanga na mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu kumbe walitakiwa Mloganzila. Saratani ni Ocean Road, jengo la Wajerumani la mwaka 1897 pale ufukweni. CCBRT Msasani ndo pa macho, mtoto mwenye mdomo sungura au miguu kifundo, na fistula, na matibabu ya fistula pale mama halipii, hili litangaze kwa akina mama kimya kimya kwasababu wengi wanaoumwa hivyo wamejifungia ndani kwa aibu.

Masika Jangwani ikijaa maji barabara ya Morogoro inafungwa, dereva wa kutoka Magomeni lazima azungukie Kinondoni na Salenda, ongeza saa nzima kwenye hesabu zako.

Hatua ya nne: siku yenyewe ya hospitali

Hapa ndo pa kukaa makini. Jioni kabla, kaa na familia mpange nani anaenda. Lazima ndugu mmoja awepo, wewe hujawa mke wala mtoto wa mgonjwa na kuna mahali patahitajika mtu wa kusaini. Weka kwenye bahasha moja ya kaki: daftari au kadi, barua ya rufaa, barua ya mtaa yenye muhuri, kitambulisho cha NIDA au namba yake, kadi ya bima kama ipo, vipimo vya zamani. Weka na kalamu. Beba maji, kitafunwa, kanga mbili, chaja ya simu, na chenji ndogo ndogo maana kuna kutoa kopi mara tatu mpaka nne.

Tokeni alfajiri. Saa kumi na mbili asubuhi benchi limeshajaa, akina mama wamejifunga kanga na chupa za chai miguuni, kijana wa ulinzi anapanga watu kwa maneno makali kidogo na kila anayefika anauliza "wa mwisho nani?" Hilo swali uliulize na wewe, ukae baada ya huyo mtu, umkariri nguo zake. Rangi yako au kola yako ya uchungaji isikuruhusu kupita mbele, watakupitisha kwa heshima na wewe kataa kwa heshima, isipokuwa mgonjwa yuko kwenye hali mbaya kweli, hapo mwite nesi yeye ndo aamue.

Mkifika kwa daktari wewe nyamaza. Mgonjwa aongee. Watu wetu wakiwa na mgeni pembeni wanamwachia mgeni aongee, halafu daktari anapata habari nusu. Kazi yako ni kusikiliza na mkitoka nje muulize mgonjwa "amekwambiaje?" arudie kwa maneno yake, kama hajaelewa mrudi wote mkaulize. Kuna mama mmoja jirani yangu, muuza vitumbua, aliandikiwa vidonge viwili mara tatu akaelewa ni vitatu mara mbili, na kosa liligundulika kwa kurudia tu vile alivyoelewa tukiwa bado kwenye korido.

Malipo siku hizi ni kontro namba, unalipa kwa simu au benki, hela usimpe mtu mkononi hata akivaa koti jeupe. Risiti zote kwenye ile bahasha.

Kama hela hakuna uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, zipo. Kwa sera ya nchi wajawazito, watoto chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanatibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali, na dawa za kifua kikuu na za VVU ni bure kwa kila mtu. Ila ujue ukweli wa mtaani, utatumwa ukanunue glavu, sindano, dawa iliyoisha stoo. Afisa wa ustawi ataangalia barua ya mtaa na kuuliza maswali, mwache mgonjwa ajibu mwenyewe, ukionekana wewe ndo mlipaji msamaha unayeyuka pale pale. Na usigombane na manesi. Nesi mmoja zamu ya usiku anaangalia wodi nzima, msalimie, mpe pole na kazi.

Akilazwa, ndugu ndo wanaleta uji, chai, shuka na wanamuosha. Pangeni zamu. Chakula chako kizuri usilete bila kuuliza, mwenye sukari au presha utamuumiza.

Kuna damu pia. Mara nyingi ndugu wanaombwa wachangie, na hapa mmisionari mwenye afya anaweza kunyoosha mkono wake mwenyewe, kuanzia miaka 18 na kilo 50 kwenda juu, mwanaume kila miezi mitatu na mwanamke kila miezi minne. Vijana wa kwaya nao wakizoea kwenda ni baraka kubwa.

Hatua ya tano: hela

Mtaa una utaratibu wake kabla hujafika. Mtu akiugua kuna mchango, kuna kikoba, kuna grupu la WhatsApp la ukoo, kuna mjumbe anapita na daftari. Ingia humo. Toa kama jirani mwenye nafasi, elfu ishirini, elfu thelathini, wengine wanatoa elfu mbili, usifike ukalipa laki nne yote kwasababu ukifanya hivyo mara tatu mchango wa mtaa unakufa, na wewe ukienda likizo hakuna wa kuuanzisha tena. Kiasi kikubwa kipitie kamati ya diakonia ya usharika, watu wanne watano wanaowajua jirani zao, na muwe na kiwango cha mwezi ambacho kikiisha kimeisha. Mkopo wa matibabu usimpe mtu, ataanza kukukwepa njiani na utapoteza jirani.

Saidia watu wajiunge na bima wakiwa wazima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023, fuatilia ofisi ya mtendaji utaratibu wa sasa uko vipi, halafu kwenye kikundi cha akina mama wawe wanaweka kidogo kidogo kwa ajili hiyo.

Hatua ya sita: baada ya kishindo

Dharura zinavuta watu, magonjwa ya kudumu yanachosha watu. Presha, sukari, sikoseli, kifua kikuu ambacho dawa ni miezi 6 kwa kawaida na mtu anajisikia mzima mwezi wa pili anaacha. Andika tarehe za kliniki za watu wako kwenye kalenda, siku moja kabla pita, "kesho ni kliniki, nauli ipo?" Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe makohozi, na nyumba nzima iangaliwe.

Hapa ndo panaingia maombi. Omba, jamani, omba sana, mgonjwa akikubali, na jirani Muislamu muulize kwanza kama angependa, wengi wanapenda na wengine hawapendi na wote ni wagonjwa wako sawa sawa. Lakini usimwambie mtu aache dawa. Mwaka 2011 nchi nzima ilikimbilia Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na kuna watu waliacha ARV, yaani dawa za VVU, na dawa za sukari wakiamini wamepona. Neno la mtumishi lina uzito mkubwa huku. Kama mtu anakunywa na dawa za mganga usimkaripie, mwombe tu amwambie daktari anachokunywa.

Siri na picha

Hii kwangu ni nzito. Wafadhili wanataka barua ya mwezi yenye picha, na mtoto mgonjwa anachangisha hela haraka. Usimpige picha mtu kitandani. Hata akisema sawa, amesema sawa kwa mtu aliyemlipia kipimo, hakuwa na nafasi ya kukataa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu ni taarifa zake. Majibu ya VVU ya mtu usiyaseme hata kwenye maombi ya kikundi, "tumwombee ndugu fulani ana shida ile" mtaa mzima umeshaelewa.

Wewe mwenyewe, na siku ya msiba

Lala kwenye neti, kunywa maji yaliyochemshwa, kuwa na bima yako na weka saa ya kupumzika ambayo majirani wanaijua, dharura tu ndo ivuke hapo. Mkiwa wawili pokezaneni usiku.

Kuna watakaofariki pamoja na yote. Nenda msibani siku hiyo hiyo, toa rambirambi yako iandikwe kwenye daftari, wanaume wanakaa nje kwenye viti na akina mama ndani kwenye mkeka, kaa na wenzio na usiondoke baada ya dakika kumi. Msiba wa Kiislamu mazishi ni haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo, kwa hiyo acha kazi uende. Huna haja ya kuongea sana.

Na ukikaribia likizo au kuhama, anza mapema kuwakabidhi. Kaa na kamati ya diakonia na mhudumu wa afya wa mtaa, mpitie mtu mmoja mmoja anayeridhia habari zake zijulikane, tarehe zake za kliniki, bahasha yake iko wapi, nani atamsindikiza badala yako, na mtambulishe huyo mtu nyumbani kwa mgonjwa uso kwa uso kabla hujapanda ndege.